Basi la Wastaafu Kwenda Iringa: Siku Tano, Sehemu Nne, Bila Kuumizana

Kikundi chetu cha wastaafu kina walimu wengi, wauguzi watatu, karani mmoja wa reli na mzee aliyekuwa fundi mitambo bandarini. Mwaka wa kwanza tulipoamua kutembea, kila mtu alikuja na sehemu anayotaka kuiona kabla macho hayajafifia. Hatukutaka kumnyima mtu, tukazibeba zote: sehemu saba kwa siku tatu. Leo nikiangalia picha za safari ile, nusu ni za watu waliolala vitini midomo wazi, na mimi mwenyewe nilikaa wiki nzima miguu imevimba.

Safari ya pili ilikuwa Dar es Salaam, Mikumi, Iringa na kurudi. Siku tano, sehemu nne. Hiyo ndiyo watu wanaisimulia mpaka leo, na ndiyo ninayoielekeza hapa, pamoja na makosa ya ile ya kwanza pale yanapofaa kutajwa. Ukitokea Dodoma au Tanga utabadilisha majina ya vituo. Magoti ni yale yale.

1. Anzeni na magoti, njia baadaye

Kabla hamjataja hata jina la mji, katibu ajue hali ya kila anayetaka kwenda. Nani hapandi ngazi? Nani anaamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo? Nani hawezi kuchuchumaa? Nani ana sukari, nani anatapika garini?

Haya hayaulizwi mkutanoni. Mzee atasimama mbele ya watu aseme yuko imara kama kijana wa jeshi, kesho yake mkewe akupigie simu kwa sauti ya chini. Mpigie kila mtu peke yake jioni, akiwa ametulia. Kama mna muuguzi mstaafu, mpeni kazi hiyo yeye, maana watu hawamwonei haya.

Mkishapata majibu, mwenye hali ngumu kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa basi. Kwetu alikuwa mama mmoja wa miaka 78, mwenye fimbo. Akiweza yeye, wote tumeweza. Ndiyo maana tuliacha Hifadhi ya Ruaha, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini, na tukaacha maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, ambayo ni ya kupanda mlima kwa miguu. Walinuna wawili. Nilimwambia mmoja wao, kaka, Sanje inamtaka mjukuu wako, wewe njoo tule nyama Mikumi.

2. Pesa: gawanyeni kwa watakaokwenda kweli

Hapa ndipo vikundi vingi vinagombana. Gharama za safari ni za aina mbili. Kuna zinazobaki pale pale hata mkipungua: basi, posho na malazi ya dereva, mtu wa kuwaongoza, akiba ya dharura. Na kuna zinazomfuata kila mtu: kitanda, chakula, viingilio.

Nitoe mfano, bei za kwenu mtaziulizia wenyewe. Tuseme basi na mambo yake yote ni shilingi 3,000,000. Waliojiandikisha ni 28. Mweka hazina mwenye haraka anagawanya kwa 28, anapata kama 107,000 kwa kichwa, anatangaza. Kisha mmoja anaugua, mwingine anapata mjukuu, watatu pensheni imekwama kwenye mkopo, mmoja hasemi chochote ila hatokei. Mnabaki 22 na basi linataka milioni tatu zile zile.

Sisi tunagawanya kwa 22 tangu mwanzo. Hiyo ni 136,000 na ushee, tunaifanya 140,000. Ongeza za mtu mmoja mmoja: tuseme vitanda vya siku nne 160,000, chakula 100,000, viingilio na mengineyo 30,000. Jumla 430,000. Ukikusanya kwa miezi sita ni kama 72,000 kwa mwezi, na mchango upokelewe siku zile pensheni inapoingia, si katikati ya mwezi. Watu wakitimia 28, mtabaki na laki tisa na ushee. Hakuna mstaafu aliyewahi kulalamika kwa kurudishiwa hela.

Fedha zikae akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Zisikae kwenye simu ya mtu, hata awe mcha Mungu wa namna gani. Simu huibiwa.

Kisha andikeni mapema, kwenye karatasi, nani anarudishiwa nini. Kwetu anayejitoa anarudishiwa zile za kitanda, chakula na kiingilio. Za basi hapati mpaka apatikane wa kuziba nafasi yake. Na kwa umri wetu lazima mseme na hili: akifariki mwanachama, familia inapewa fedha zote bila kuulizwa. Msiba ukitokea wiki ya safari, safari inasogezwa. Tuliyaandika haya watu wakiwa wanacheka. Miezi minne baadaye tuliyahitaji, na kwa kuwa yalikuwa yameandikwa, hakuna aliyemwambia mjane neno baya.

3. Basi

Kwa watu kama 20, Coaster inatosha na inaingia hata vichochoro vya mjini. Lakini usihesabu viti vyote. Vile vya kukunja vya katikati ya njia si vya mtu mzima: havina mgongo wa maana, na kila anayetaka kushuka nyuma lazima wa katikati asimame. Kundi la watu kama 28 liende na basi kubwa la viti viwili viwili. Ni ghali zaidi, ila lina buti la mizigo na njia pana ya kupitia.

Nendeni watu wawili mkalione basi lenyewe, mchana, na mmoja wenu awe mwenye goti bovu. Apande, ashuke, akae kiti cha dirishani, ainuke. Angalieni:

- kimo cha ngazi ya kwanza kutoka chini, na kama kuna chuma cha kushika
- mikanda ya viti, kimoja kimoja, kama inafunga
- matairi, pamoja na la akiba
- leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na bima. Gari lililosajiliwa kwa njia za mjini linahitaji kibali cha kwenda nje ya mji na abiria wa kukodi. Mwambieni mwenye gari awaonyeshe karatasi, si maneno
- kiyoyozi kama kinafanya kazi injini ikiwa imewaka kwa nusu saa, maana dakika tano za kwanza vyote hufanya kazi

Mkataba uandikwe namba za gari. Safari ya kwanza hatukuziandika. Tulikuwa tumeonyeshwa basi zuri, jipya, mapazia ya bluu. Alfajiri ya safari likaja jingine kabisa, kiti cha nyuma kimefungwa na kamba, na tajiri wake simu haipatikani. Tukapanda. Wazee 24 saa 12 asubuhi na mabegi yao, mtafanya nini? Sasa tunaandika namba za gari, tunatoa kianzio nusu, na nusu ya pili inalipwa tukiwa tumeketi ndani ya gari lile lile.

Madereva wawe wawili, au safari ikatwe vipande ambavyo mtu mmoja anaviweza bila kusinzia. Na dereva aambiwe mapema kwamba hapa hakuna ligi. Mabasi ya abiria kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa; sisi tulimwambia 70 inatutosha, tumeshastaafu, hakuna anayetusubiri ofisini.

Kitu kimoja kidogo kiliokoa safari nzima: kigoda. Fundi mitambo wetu alitengeneza kigoda cha mbao, kimo cha kama sentimita 20, juu amekipigilia kipande cha tairi ili kisiteleze. Kila basi liliposimama, konda alishuka kwanza, akakiweka chini ya ngazi, akakikanyaga kwa mguu wake mmoja kisicheze, ndipo watu wakashuka. Zamani kushuka watu 24 kulitula dakika ishirini, na kila mtu akishika mlango kama anayeningʼinia mwembeni. Kwa kigoda, dakika saba.

Chukueni pia vijana wawili, wajukuu wa wanachama, mkawalipia. Watabeba mabegi, watakimbilia dawa usiku, na watawafundisha watu kupiga picha bila kidole kwenye kamera.

Wenye migongo mibaya wana njia nyingine. Treni ya SGR imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, na inachukua kama saa mbili tu. Watu watatu wetu walipanda treni, tukawachukua Morogoro. Walikwepa foleni ya Kimara mpaka Kibaha, na walituringia kwayo siku nzima.

4. Tarehe

Masika, Machi hadi Mei, msiguse. Iringa mvua zake huanza kama Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kiangazi ndicho chenu, lakini Juni na Julai Iringa ni baridi ya kweli. Mji uko juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mzaliwa wa Kariakoo ataona moshi ukitoka mdomoni mwake. Sisi tunapenda Septemba. Vumbi lipo, baridi imepungua, na wanyama wa Mikumi wamekusanyika kwenye maji.

Ondokeni Jumatatu, mrudi Ijumaa. Katikati ya wiki gesti hazijajaa. Jumapili wa kanisani wamesali nyumbani, na Ijumaa mkiwahi kutoka Morogoro alfajiri, wa msikitini watawahi swala wakiwa Dar.

5. Vitanda na vyoo

Msikodi kwa kuangalia picha. Pigeni simu na muulize maswali haya bila aibu: vyumba vya chini ni vingapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maji ya moto yanatoka bombani au mnaletewa kwenye ndoo? Kutoka kitandani mpaka chooni taa inawashwa wapi?

Swali la taa linaonekana la kijinga. Wazee wengi wanaanguka usiku wakielekea chooni kwenye chumba wasichokizoea, wakipapasa ukuta. Kila mtu abebe tochi na ailaze chini ya mto.

Wanaolala wawili wawili wapangeni kwa kukoroma. Wakoromaji pamoja, asubuhi kila mmoja atamlaumu mwenzake na wengine mtakuwa mmelala. Blanketi moja la nyumbani kila mtu achukue. La gesti ya Iringa mara nyingi ni jembamba kuliko baridi yake.

6. Dawa

Dawa za siku tano, ongeza za siku tatu, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Zikiwa butini basi likiharibika mlimani Kitonga, ndiyo mmekwama. Kila mtu abebe kadi yake ya bima ya afya na kitambulisho cha NIDA.

Insulini iwekwe kwenye chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi, ikiwa imefungwa kitambaa. Isigusane na barafu, ikiganda imeharibika. Wenye sukari wawe na biskuti au ndizi mfukoni, kwa sababu foleni ya Chalinze haijui saa yako ya kula. Wanaotumia dawa ya presha inayokojoza wamuulize daktari wao mapema wainywe saa ngapi siku ya kusafiri. Msiache wenyewe kuinywa. Mzee wetu mmoja aliiacha kimyakimya ili asisumbue basi, na jioni tulimshusha kwa kushikiliwa.

Wengine wanaacha kunywa maji kwa sababu hiyo hiyo. Ni kosa baya zaidi, mtu anaishiwa maji mwilini na kichwa kinazunguka. Dawa ya hofu hiyo ni kusimama mara nyingi, basi.

Katibu awe na bahasha iliyofungwa yenye jina la kila mtu, maradhi, dawa, na simu ya ndugu. Njiani mjue mko karibu na hospitali gani: Morogoro kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Mikumi mjini kuna St. Kizito, Iringa kuna ya rufaa ya mkoa, na ukielekea Kalenga kuna Tosamaganga.

7. Kuchimba dawa

Ratiba nzima tuliijenga juu ya jambo hili. Basi lisimame kila baada ya saa moja na nusu, watu wakitaka wasitake. Ukiuliza "nani anataka kuchimba dawa?" hakuna atakayeinua mkono, kisha baada ya dakika kumi mmoja anaanza kukuna magoti. Usiulize. Simama. Wote washuke, hata asiye na haja, anyooshe miguu na atembee kidogo. Ndiyo kinga ya ule uvimbe niliousema mwanzo.

Chagueni vituo vya mafuta vikubwa na migahawa ya mabasi: Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni, Ilula. Kijana mmoja ashuke kwanza akaangalie hali ya choo kabla ya bibi kutembea mita hamsini bure. Mweka hazina awe na mfuko wa sarafu za chooni, alipie kikundi chote kwa mara moja, maana mtu akianza kufungua mkoba kutafuta mia mbili mlangoni, foleni yote inaumia. Mfuko mwingine uwe na karatasi za chooni, sabuni na kopo.

Porini pia patawapata. Kina mama wawili wanashika khanga, wa tatu anakuwa nyuma yake. Mbele ya khanga asibaki mtu wa kupiga stori.

Na hili mlikariri: barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo hakuna kushuka. Kuna simba na nyati, si hadithi. Kwa hiyo kabla ya kuingia hifadhini kila mtu ashuke. Kila mtu, pamoja na dereva.

8. Siku zenyewe

*Jumatatu.* Kuondoka saa 12:30 asubuhi, chai Chalinze, chakula cha mchana Morogoro mkiwa mmetulia chini ya Uluguru, kufika malazi ya Mikumi kama saa 9 au 10 alasiri. Kabla ya malazi mtakuwa mmepita ndani ya hifadhi kwa barabara kuu, na hapo watu wataona twiga na swala bila kulipa kitu. Dereva aheshimu vibao vya mwendo. Kugonga mnyama kuna faini, na orodha yake ina bei ya kila mnyama.

Jioni pumzikeni. Msipange kitu. Acheni watu waoge na kupiga soga.

*Jumanne.* Hifadhini alfajiri, saa 12:30. Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na uzuri wake kwetu ni kwamba uwanda wa Mkata uko wazi na uko karibu na lango. Huhitaji kurushwarushwa saa tano kumwona pundamilia. Kiangazi Coaster inafika mpaka bwawa la viboko. Muulizeni mhifadhi langoni kuhusu njia za siku hiyo. Malipo si ya fedha mkononi, ni kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo mweka hazina aishughulikie siku moja kabla, vinginevyo mtakaa langoni mkitafuta mtandao huku tembo wakiondoka zao.

Saa tatu zinatosha. Baada ya hapo watu wanaanza kuuliza chai.

Mkishakula, ondokeni saa 5 kuelekea Iringa. Ruaha Mbuyuni ni nchi ya vitunguu, vimepangwa kando ya barabara kwa magunia na vikapu. Mtu yeyote asinunue wakati wa kwenda! Safari ya kwanza gunia la vitunguu lilikaa nasi siku mbili likinuka mpaka kwenye shuka. Nunueni mkirudi.

Kisha bonde la mibuyu, mito, na mlima Kitonga. Una kona, na malori yanaupanda kwa mwendo wa kinyonga. Upiteni mchana kweupe. Wanaotapika wakae mbele wakitazama barabara, na simu zifungwe. Nyani watakuja dirishani wakiomba. Msiwape, ndivyo wanavyojifunza kusimama katikati ya barabara.

Mkishapita Ilula, mtakuta kando ya barabara mnara wa Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Chifu Mkwawa waliwavizia Wajerumani hapo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Simameni dakika kumi, mwalimu mmoja wa historia aeleze. Sisi walimu wetu wawili walibishana mpaka Ipogoro, mlangoni mwa Iringa mjini.

*Jumatano.* Siku hii ndiyo kiini. Asubuhi mapema nendeni Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Juu, karibu na maegesho, yanaonyeshwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, yaliyochongwa pande mbili kama tone la maji, mengine makubwa kuliko kiganja cha mkono. Wachimbaji wakiongozwa na Clark Howell walifanya kazi hapo mwaka 1957 na 1958, wakapata hadi mifupa ya aina ya kiboko ambaye leo hayupo.

Korongo lenye nguzo za udongo, zile mnazoziona kwenye picha, liko chini, na njia yake ina mchanga na mteremko. Gawanyikeni hapo hapo bila majadiliano. Wenye miguu washuke na kiongozi wa pale pamoja na kijana mmoja. Wengine wabaki kivulini na mashoka, wapewe chai. Mama yetu wa fimbo alibaki. Tuliporudi tukiwa vumbi tupu, tulimkuta ameshika jiwe moja kwa ruhusa ya mlinzi, anageuza geuza, akasema, "Huyu alikuwa fundi wa mkono wa kulia." Hatujui kama ni kweli, lakini nililishika kwa kulia na lilikaa sawasawa.

Mchana mle, mlale. Nasema mlale. Saa 9 alasiri ndipo mwende Kalenga, kilomita 15 hivi, iliyokuwa ngome ya Mkwawa mpaka Wajerumani walipoivunja Oktoba 1894. Jina la Iringa lenyewe linatokana na *lilinga*, ngome kwa Kihehe. Makumbusho ni chumba kidogo, hamtachoka, na ndani ya kioo kuna fuvu la Mkwawa. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi mwaka 1954, mikononi mwa Gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Vueni kofia, shusheni sauti. Wenyeji mkiwakuta mwanzoni, salamu ni "kamwene", na jibu ni hilo hilo.

Wapo wasiopenda kuangalia mabaki ya mtu. Wabaki nje mwembeni, asiwepo wa kuwatania.

*Alhamisi.* Asubuhi ni huru mpaka saa 4. Wengine wanakwenda makumbusho ya Boma, jengo la enzi za Wajerumani. Wengine wanakunywa kahawa kwenye mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu wengi ni viziwi na mnaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Wazee wetu wasiosikia vizuri walijiona nyumbani. Kina mama waliishia kwenye vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia. Nunueni vile ambavyo msuko wake haupitishi mwanga ukiuinua juani.

Saa 4 kamili basi liondoke. Kila mtu ana mwenzake, na hesabu ni kwa jozi: konda anaita namba ya jozi, mmoja anajibu kwa ajili ya wote wawili. Njiani vitunguu, kisha moja kwa moja Morogoro, mkalale. Kurudi Dar kwa mkupuo mmoja ni karibu kilomita 500, na ndivyo tulivyovimba miguu mwaka ule.

*Ijumaa.* Alfajiri saa 12 kutoka Morogoro. Mweka hazina asome mapato na matumizi ndani ya basi, kwa kipaza sauti, kati ya Chalinze na Mlandizi, wakati watu wako macho na hakuna wa kuondoka. Risiti zizunguke kwenye bahasha, na za kurudishwa zigawiwe hapo hapo. Msingoje mkutano wa mwezi ujao, na msingoje Kibaha, kwa sababu Kibaha ndipo wanaanza kushuka mmoja mmoja, na mtu aliyeshika kikapu mkono huu na kiroba cha vitunguu mkono huu hana sikio la hesabu.